Maji ya Arusha: mashine ya RO, chujio la mkaa wa mifupa au maji ya kununua? Naombeni ushauri

Mgeni_UsaRiver:
Wakuu, habari zenu. Tunahamia Usa River mwisho wa mwezi, nyumba tumeshalipia. Tulipoenda kuiona nilikuta birika la umeme lina ukoko mweupe ndani, na watoto wengi wa pale meno yao yana madoa ya kahawia. Nimebaki na machaguo matatu: mashine ya RO ya chini ya sinki (ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba sana), chujio la mkaa wa mifupa, au kununua maji ya lita 20. Kuna muuzaji ananisisitizia mashine ya kulainisha maji, anasema inamaliza yote. Hela inatosha kitu kimoja. Nichukue kipi?

FundiBomba_Sakina:
Mkuu, hujasema maji yanatoka wapi. Ni kisima cha mwenye nyumba, bomba la AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha) au mradi wa kijiji? Una watoto? Wa umri gani? Tenki liko juu kiasi gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Maabara_Tengeru:
Wakati tunamsubiri mleta uzi, niseme la mashine ya kulainisha. Ukoko wa birika ni chokaa, yaani madini ya kalisi (kalsiamu) na magnesi. Madoa ya meno ni floraidi. Mashine ile inatoa kalisi na kuweka sodiamu, floraidi haiigusi kabisa. Tena maji yetu ya Mlima Meru yenye floraidi nyingi mara nyingi yana kalisi kidogo, kwa sababu kalisi ikiwepo ya kutosha huishika floraidi na kuizuia isipande. Kwa hiyo maji yanaweza kutoa povu zuri la sabuni na bado yakaharibu meno ya mtoto. Usinunue hiyo kitu.

Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Tanzania tulikuwa tunaruhusu mpaka 4, sasa na sisi tuko 1.5. Peleka maji maabara kwanza, wapime floraidi yenyewe kwa jina. Kile kipimo cha TDS wanachotembea nacho wauzaji kinajumlisha chumvi zote, hakikuambii floraidi ni kiasi gani.

Mzee_Ngaramtoni:
Chemsheni maji, sisi tumekua hivyo.

Maabara_Tengeru:
Shikamoo mzee. Kuchemsha kunaua vijidudu, hapo uko sahihi. Ila floraidi haipai na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo kila ukichemsha sana inazidi kukolea.

MamaWawili_Moshono:
Kaka, kuhusu RO nikueleze yaliyonipata maana sitaki mwingine aumie. Tulinunua kwenye duka moja hapa mjini. Fundi wao alikuja na hicho kipimo cha TDS, akapima kabla na baada, namba ikashuka vizuri, tukalipa. Pampu hakufunga, akasema tenki letu linatosha. Tenki lenyewe liko juu ya bafu, presha haipo. Maji safi yakawa yanatoka kama uzi na machafu yanamwagika mchana kutwa. Baadaye yakaanza kutoka kwa kasi, tukafurahi, tukajua yamekaa sawa. Mdogo wangu akatushauri tuyapeleke maabara. Floraidi ikawa karibu sawa na ya bombani! Nikapiga simu dukani, wakanijibu waranti haihusu maji ya kisima, wakati walikiona kisima siku wanafunga. Fundi mwingine akafungua ule mtungi wa membreni (utando unaochuja), akatoa kampira cheusi kimechanika, maji yalikuwa yanapita pembeni bila kuchujwa. Kampira tu! Na muda wote huo mtoto wangu anakunywa, meno ya utotoni ndiyo yanatoka na ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi. Roho inaniuma mpaka leo.

Ukinunua RO, dai pampu, dai chujio la mchanga mbele yake, na uwe na kipimo chako mwenyewe. Namba ikipanda ghafla, jua kuna kitu.

Mgeni_UsaRiver:
Pole sana dada. Samahani wakuu, majibu haya: ni kisima, watoto wawili, mmoja miaka mitatu na mwingine bado ananyonya. Nyumba ni ya kupanga.

FundiBomba_Sakina:
Ungesema mapema! Kwa watoto hao usisubiri. Anza na maji ya kununua leo, ya kunywa NA ya kupikia. Watu wengi wananunua ya kunywa halafu uji na maharage wanapikia ya kisima, hapo hamna kitu. Na huyo mdogo akianzishiwa maziwa ya kopo, yakorogwe kwa maji safi tu.

Mkaa_Ngurdoto:
Mimi natetea mkaa wa mifupa ya wanyama, unanasa floraidi. Kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi kipo Ngurdoto, jirani yako kabisa. Chujio la mkaa halihitaji umeme wala halimwagi maji. Mkaa ukichoka unabadilishwa, ila ladha haikwambii umechoka, lazima upime. Kuna pia Nanofilter, chujio la maji la Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, ilishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Vya nyumbani vipo, kwa nini tukimbilie vya nje?

Kibosho_Damu:
Hamieni Moshi jamani, chemchemi zetu hazina mambo hayo.

NesiMstaafu:
Mwanangu wa Kibosho, na magadi je? Nimeona meno ya kahawia huko huko ambako maji ni mazuri. Magadi ya kulainishia maharage na kiburu (ndizi na maharage) yana floraidi, mengine nyingi sana. Mama anachuja maji kwa uangalifu halafu anatupia bonge la magadi chunguni.

Kibosho_Damu:
Shikamoo mama. Kiburu bila magadi hakiivi vizuri, hilo sikubali.

NesiMstaafu:
Marahaba. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

MvuaNiMali:
Hakuna aliyetaja mvua? Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10 tu, ni karibu lita 1,000. Simtank la lita 5,000 likijaa masika, maji ya kunywa na kupikia ya familia ndogo yanakupeleka mbali. Mwaga maji ya mvua za kwanza, yana vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa uyachemshe.

FundiBomba_Sakina:
Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba atakubali kuweka mifereji? RO anaing'oa anahama nayo.

MvuaNiMali:
Na simtank pia anahama nalo.

Mgeni_UsaRiver:
Asanteni sana. Mashine ya kulainisha nimeifuta. Jumatatu napeleka maji maabara, tutanunua ya lita 20 wakati tunasubiri majibu. Mkuu MvuaNiMali, paa ni vigae vya zamani vya kijivu, nahisi ni asbestosi. Maji yake yanafaa?