Mti wenye shimo: aachiwe hondohondo au upasuliwe mbao?

Amooti: Katika msitu wa Budongo, Uganda, miaka ya 1950 miti isiyo na soko ilitiwa sumu ili mkangazi unawiri. Leo nauliza: mwenye kibali cha kukata miti akikuta mti mkubwa wenye shimo la kutagia hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, aulaze au auruke? Tena moyo wake mara nyingi umeoza, mbao zenyewe hazifiki nusu.

Mpasua: Hondohondo wamejaa Entebbe, wanadonoa mipapai ya watu. Ndege wa mjini analilia msitu wa nini? Nyie ni watu wa warsha na posho tu.

Atwooki: Posho niijuayo mimi ni ya mahindi, inaliwa na maharage. Na bustani ya mimea ya Entebbe ni ya 1898, miti yake ina mashimo ya kizee. Sikiliza: jike anaingia shimoni, dume anameza udongo na kuutema vidonge vidonge, jike anaziba mlango mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo. Kuatamia ni kama siku 42, na hadi kinda atoke ni karibu miezi minne. Muda huo wote dume anatapika tini mlangoni, moja moja. Ukiangusha mti hapo katikati, waliomo hawana pa kutokea.

Mpasua: Basi tundikeni masanduku ya viota, mtuachie miti. Warsha hujaijibu.

Fundi Karoli: Sanduku la mbao nyembamba ni tanuri, na nyuki huliwahi kabla ya ndege. Mbao iwe nene, mlango uwe mwembamba wa wima, si duara kama wa njiwa, na juu ya mlango paachwe nafasi ya jike kupanda ajifiche. Tena ulifunge juu sana. Nani atapanda kila msimu kufukuza nyuki?

Mpasua: Huyo huyo wa posho.

Akiiki: Mpasua, mti wa musizi unaoupasua mbao amekupandia nani? Hondohondo anameza tunda, anaitema mbegu mbali.

Atwooki: Taratibu, Akiiki. Kule Amani, Usambara, Tanzania, musizi ulipandwa, hondohondo wakausambaza mpaka ukavamia msitu wa asili.

Akiiki: Kule ni mgeni, huku ni mwenyeji. Kosa la mpandaji halimhusu ndege.

Mpasua: Mwenyeji gani? Musizi bila dawa mchwa wanaumaliza. Mbao ya kumwagia zege hiyo, si ya paa.

Fundi Karoli: Paa linakaa, ukiipaka dawa ikiwa imekauka vizuri. Ikiwa mbichi, dawa ya kupaka haiingii vizuri.

Mpasua: Dawa gani hiyo?