Daftari la kufa na kuzikana, Igawilo

*Kikundi: MAJIRANI IGAWILO, KUFA NA KUZIKANA*

*Jumatano jioni*

Mama Suzi (Mhazini): Majirani, poleni na baridi. Daftari nimeshalipitia. Tuna kaya mpya, Baba na Mama Gloria, wamepanga kwa Mzee Sanga nyumba ya nyuma. Kiingilio wamelipa chote, 10,000. Ada ya mwezi ileile 2,000. Tuwapokee.

Bi Tusa: Karibuni sana 🙏🙏

Baba Eliya: Mama Suzi samahani. Si ndio wale wa Katumba? Wakimbizi wa Burundi? Sina chuki na mtu, ila tuna utaratibu. Kesho wakirudishwa kwao, nani atabeba hasara? Na Uhamiaji wakija kuuliza nani kawaandika, atajibu nani?

Osca Dereva: Baba Eliya taratibu kaka. Mama Gloria yumo humu tangu Jumapili.

Baba Eliya: Vizuri kama yumo, maana nasema mbele yake, simsengenyi. Msiba ni fedha. Mwaka jana tuliandika wapangaji wawili wakahama usiku, madeni wakatuachia.

Mama Suzi (Mhazini): Wale walikuwa wa hukuhuku Mbeya, Baba Eliya.

Mjumbe: Niliweke sawa. Kabla hawajashusha mizigo nilikaa nao, nikaona vitambulisho vya NIDA vya wote wawili. Ni raia. Habari ya Uhamiaji tuifunge hapa.

Mwalimu Mbilinyi: Asante Mjumbe. Naomba nafasi kidogo, vijana wengi humu hawayajui haya na shuleni yanapitwa haraka.

Mwaka 1972 Burundi kulikuwa na mauaji makubwa. Waliowindwa zaidi ni Wahutu waliosoma: walimu, makarani, hata wanafunzi walichukuliwa madarasani. Waliofanikiwa kuvuka kuja kwetu walipewa mapori wayafyeke. Ulyankulu kule Tabora, Katumba na Mishamo kule Mpanda. Kila kaya ilipata kama hekta 5. Watu wale hawakukaa kusubiri mgao. Walilima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajilisha, wakauza, wakalipa kodi. Ilipofika 1985 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likakabidhi makazi yale kwa Serikali, maana wenyewe walikuwa wameshasimama.

Mwaka 2007 wakaulizwa: mnarudi au mnabaki? Kama wanne katika kila watano wakasema tunabaki. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, na vyeti wakaanza kukabidhiwa 2014. Kwa hiyo Baba Eliya, hakuna wa kuwarudisha popote. Kwao ni hapa.

Osca Dereva: Daah, Mwalimu umenifundisha leo.

Mwalimu Mbilinyi: Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983. Hutolewa kwa watu waliowasimamia wakimbizi. Nchi yetu ilikuwa maskini wakati ule kama mnavyokumbuka, foleni za sukari na sabuni, na bado mipaka ilikuwa wazi.

Mzee Sanga: Kamwene majirani. Nimechelewa, macho yangu yanasoma polepole. Nyumba ni yangu, basi na mimi nisikilizwe.

Kwetu ni Kidugala, Njombe. Baba yangu alikuwa kijana wakati wa vita vya Hitler. Akatusimulia kwamba wakati ule walishushwa pale Wazungu wengi, karibu wote kina mama, watoto na wazee. Si walowezi wala wamisionari. Walikuwa wakimbizi, Wapolandi. Warusi waliwang'oa majumbani mwao 1940 na 1941 wakawapeleka Siberia na Kazakhstan kwenye baridi ambayo sisi wa Njombe tukiisikia hatuwezi kujisifia ya kwetu. Walipoachiwa wakapitia Iran, wakavushwa bahari, wakagawanywa. Wengi walipelekwa Tengeru kule Arusha, kama 5,000. Wengine Ifunda, wengine kwetu Kidugala.

Wazee wetu waliwauzia mayai na viazi, wakawasaidia kujenga. Wakawa na kanisa lao na shule, watoto wakasoma kwa lugha yao. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, maana nchi yao ilishikwa na walewale waliowafukuza. Wakaenda Uingereza, Kanada, Australia.

Lakini waliofia hapa walizikwa hapa. Makaburi yao yapo Kidugala na Ifunda mpaka leo, nendeni mkaone. Baba alikuwa akinipitisha pale nikiwa mdogo, ananiambia usikanyage, hawa ni wageni wetu. Wageni kutoka Poland tuliweza kuwazika wakati mkoloni anatutawala na sisi wenyewe hatuna kitu. Leo raia mwenzetu aliyezaliwa Mpanda ndiyo tukae tujadili kama atazikwa?

Bi Tusa: Mzee 😢 mimi nimekulia Ifunda. Makaburi yale tulidhani ni ya mapadre wa zamani.

Osca Dereva: Na mimi niseme nilichokiona. Nimepeleka mizigo Kasulu, unapita Sumbawanga, Mpanda, unaendelea. Pale ndipo ilipo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni mzazi, na watoto wake wamezaliwa palepale. Akitaka kutoka nje ya kambi ni mpaka kibali. Chakula ni mgao, na wafadhili wakipunguza fedha, mgao nao unapungua. Mtu mzima mwenye nguvu zake anakaa anasubiri kilo za unga. Na kwao kurudi vipi? Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Nilizungumza na baba mmoja wa kutoka Uvira, anaongea Kiswahili kizuri tu, akaniuliza bei ya viazi Mbeya. Alikuwa mkulima. Nilikosa la kumjibu kwa jinsi alivyouliza, utadhani anakuja msimu ujao.

Baba Eliya: Hayo ya Kongo nayasikia redioni na yananiuma. Mimi naongelea daftari.

Bi Tusa: Baba Eliya kaka yangu, kwa heshima. Aprili 2024 mlima Kawetere ulipoporomoka pale Itezi ukafukia nyumba, dada yako na watoto walilala kwangu. Matope mpaka nyweleni. Tuliwapa nguo, tukawapikia. Hapa mtaani hakuna aliyeuliza watakaa mpaka lini. Aliyekimbia mlima na aliyekimbia bunduki wote wametoka mikono mitupu.

Baba Eliya: Ni kweli. Hilo siwezi kulisahau dada.

*Jumatano usiku*

Mama Gloria: Shikamooni wakubwa. Habari zenu wote. Nilikuwa nalaza watoto, sasa nimesoma yote kuanzia juu.

Baba Eliya sijakasirika. Umesema nikiwepo, nashukuru kwa hilo. Wengi huwa hawasemi mbele yetu.

Nimezaliwa Katumba mwaka 1986. Baba yangu aliingia nchi hii akiwa na miaka tisa, ameshikwa mkono na dada yake. Mama yao hawakumwona tena. Nilipofaulu kwenda sekondari, baba alikuwa ananiombea kibali cha kutoka makazi. Shule ikifungwa, ikifunguliwa, ni kibali. Wenzangu wanapanda basi tu, mimi nina karatasi ya kueleza natoka wapi naenda wapi. Na ni nchi niliyozaliwa. Cheti cha uraia nilikipata nikiwa na mtoto mgongoni.

Baba alifariki 2019. Alikuwa akituambia mara nyingi kwamba wazazi wake hajui walilala wapi, hakuna kaburi la kupalilia. Yeye tumemzika Katumba. Waliochimba kaburi ni majirani, Wakonongo na Wafipa, na mama mmoja Mkonongo alikaa na mama yangu matangani mpaka watu wote wakaondoka.

Kwa hiyo tulipohamia hapa kwa kazi ya mume wangu, swali langu la kwanza kwa Mama Suzi lilikuwa kufa na kuzikana. Kwetu ukoo haupo wa kuita. Shangazi mmoja, wajomba hakuna. Usiku nikiwaza mtoto akiugua, au mume wangu akipata la kumpata barabarani, nawaza nitagonga mlango wa nani. Hiyo ndiyo hofu yangu. Fedha tutatoa. Tukihama tutaaga.

Mama Suzi (Mhazini): Gonga wangu. Saa yoyote.

Bi Tusa: Na wangu ndio wa karibu zaidi, geti la bluu.

Mzee Sanga: Mwanangu, mimi nipo mbele ya nyumba yako. Huhitaji hata kuvaa viatu.

Mama Gloria: Ndaga fijo, asanteni sana. Mnaona nimeanza kujifunza Kinyakyusa 🙏

*Alhamisi asubuhi*

Baba Eliya: Ugonile majirani. Nimelala na maneno ya Mama Gloria. Karibu sana mtaani mama, wewe na mzee wako. La fedha bado nalisimamia, ila nalileta hivi: mpangaji yeyote anayeingia, awe wa Kyela, wa Makete au wa Katumba, alipe ada ya miezi mitatu mbele. Sheria moja kwa wote, tusiangalie mtu katoka wapi.

Mwalimu Mbilinyi: Naunga mkono.

Mjumbe: Lipelekwe kikaoni. Wasioafiki waje wasemee pale.

Bi Tusa: Tukiwa hapohapo, tarehe 20 Juni ni siku ya wakimbizi duniani. Usharika wetu utakusanya vitu vya Nyarugusu. Kambini huingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo vitapitia dayosisi, wao wanajua njia. Mama Gloria, wewe unaonaje, tupeleke nini?

Mama Gloria: Sabuni ya mche. Taulo za kike, tafadhali zisikosekane, wasichana wanaacha shule kwa ajili hiyo. Madaftari na kalamu. Nguo ziwe zile ambazo na wewe ungevaa kwenda kanisani. Ukipokea nguo iliyochanika unajua mtu alikuwa anasafisha kabati.

Osca Dereva: Nafasi kwenye gari ipo, nitaongea na tajiri. Mpaka Kasulu mzigo hautalipiwa.

Baba Eliya: Niandikeni katoni mbili za sabuni.

Mama Suzi (Mhazini): Nimeandika. Sasa ya Jumamosi: arobaini ya marehemu mume wa Mama Atu. Wanaume turubai na kuni saa kumi na mbili asubuhi. Mama Gloria, zamu yako ya kwanza hiyo. Uko na Bi Tusa kwenye viazi, saa moja kamili. Njoo na kisu, na sufuria kubwa kama unayo.

Mama Gloria: Sufuria ninayo, ile ya kupikia ubwabwa wa watu hamsini. Nani atanisaidia kuibeba?

Baba Eliya: Eliya atapita na toroli.