Machela za kijeshi za zamani: Furley, ya Kimarekani au ya chuma ya ARP? Ulinganisho kwa anayeanza

BawabaYaShaba:
Wakuu, naweka ulinganisho huu ili anayetafuta machela yake ya kwanza asije akanunua jina la vita badala ya kifaa chenyewe. Nimechukua aina tatu.

Furley ya Uingereza: miti miwili ya mbao ya ash (mti mgumu wa Ulaya), kitanda cha turubai, pau mbili za chuma zenye bawaba za kutanulia miti, na miguu minne mifupi. Urefu wote ni futi 7 na inchi 9 (sm 236), upana futi 1 na inchi 10 (sm 56), kitanda futi 6 (sm 183), kila mshikio inchi 10½ (karibu sm 27), miguu inchi 4 (sm 10). Ipo pia ambayo mishikio yake huteleza chini ya miti, urefu ukabaki futi 6. Hiyo ndiyo ya kutafuta kama stoo yako ni ndogo.

Ya Kimarekani ya kukunja: inchi 90 kwa inchi 22⅞ (sm 229 kwa 58), kitanda inchi 72. Zipo za miti ya mbao na za alumini. Machela hizi zilitakiwa kuingia kwenye vishikizo vya magari ya wagonjwa na vya ndege, kwa hiyo vipimo havikuachwa vibadilike ovyo. Usitegemee futikamba kujua umri wake.

Ya ARP (Air Raid Precautions, huduma ya kuwakinga raia na mashambulizi ya ndege), Uingereza, Vita Kuu ya Pili: bomba za chuma na wavu wa waya, bila turubai, ili ioshwe haraka baada ya shambulio la gesi. Miguu yake ni mikunjo ya bomba zenyewe. Ilikuwa ya ulinzi wa raia mijini. Muuzaji akikuambia imetoka uwanja wa vita, hajui anachouza.

Kwa maoni yangu anayeanza aanze na ya Kimarekani, kwa sababu maandishi yake husomeka na tarehe yake huthibitika. Furley ni nzuri zaidi kwa macho, ila inadai ujuzi.

NambaKwanza:
Nakubaliana nawe kuhusu ya Kimarekani, na naongeza jinsi ya kusoma namba zake za ugavi wa jeshi. Vifaa vya hospitali viko kundi la 6530. Ukiona namba ya tarakimu 11, ni mfumo uliotumika kabla ya 1974. Tarakimu 13 ni kuanzia 1974: baada ya 6530 zimeongezwa mbili za nchi, 00 au 01 kwa Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 21 Kanada. Sasa angalia minada: machela yenye tarakimu 13 inauzwa kama "ya Vietnam", wakati wanajeshi wa Marekani wa mapigano walishaondoka huko 1973.

Namba ya mkataba inayoanza na DSA (Defense Supply Agency, wakala wa ugavi wa jeshi la Marekani) nayo inasaidia. Wakala huo uliundwa 1961 na ukabadilishwa jina kuwa DLA mwaka 1977, na kwenye mikataba mingi tarakimu mbili zinazofuata baada ya kundi la kwanza ni mwaka wa fedha.

Kwa Furley, mshale mpana wa serikali ya Uingereza peke yake hauthibitishi vita yoyote, maana uliendelea kupigwa hata baada ya 1945. Tafuta mshale pamoja na mwaka, na uwe umegongwa kwenye chuma au mbao. Wino kwenye turubai hughushiwa kwa dakika tano.

UziNaTurubai:
Hapo kwenye turubai ndipo watu wanapopigwa. Pindua machela utazame misumari inayoshika kitambaa. Matundu matupu kando ya misumari mipya maana yake turubai limebadilishwa. Si kosa, ila bei ishuke.

Vuta nyuzi chache kutoka upindo wa ndani uziunguze mbali na machela. Pamba huacha majivu laini ya kijivu na kunuka karatasi iliyoungua. Nailoni huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Machela inayodaiwa kuwa ya 1916 ikitoa kidonge, imeshonwa upya. Taa ya urujuanimno (UV) husaidia pia: viangaza vya nguo, yaani kemikali za kung'arisha vitambaa, vilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na uzi wenye navyo hung'aa samawati. Tahadhari, turubai la zamani lililofuliwa kwa sabuni ya kisasa nalo litang'aa. Kwa hiyo chunguza uzi uliofichika ndani ya mshono, si kitambaa cha juu.

Mgeni_Mnadani:
Asanteni wakuu. Kuna Furley nimeipenda, lakini pau moja haifiki mwisho inapofunguliwa. Niachane nayo?

BawabaYaShaba:
Inategemea, mkuu. Kama pau ZOTE zinakwama kwenye pembe ileile, turubai limefuliwa likasinyaa, na hilo halitanuki tena kwa salama. Ikikwama moja tu, tatizo ni kutu kwenye bawaba au pau iliyopinda. Laza rula juu ya pau uone kama kuna mwanga chini yake. Ikiwa imenyooka, dondoshea bawaba mafuta ya kulegeza kutu, acha saa 24, kisha isogeze kwa mkono kidogo kidogo, mbele na nyuma, ukifuta uchafu unaotoka.

Usiisukume kwa mguu. Wabebaji walifanya hivyo machela ikiwa mpya, lakini sasa kinachoachia kwanza si kutu, ni skrubu zinazoshika pau kwenye mti. Zinang'oka na vipande vya mbao, na shimo hilo haliwezi kufichwa.

Pima mishikio pia. Ikipungua sm 27 na ncha zake zina kona kali na mbao nyeupe, ilikatwa ili iingie kwenye gari au kona ya nyumba. Mimi singenunua iliyokatwa kwa bei yoyote. Turubai hushonwa upya, mti haurudi.

MbaoKavu:
Naongezea wadudu. Ash ina vinyweleo vikubwa na watoboaji huipenda. Matundu ya mm 1 hadi 2 yenye kingo nyeusi ni ya zamani. Yenye kingo nyeupe na unga laini chini yake, wadudu wangali ndani. Weka karatasi nyeusi chini ya machela wiki mbili uone kama unga unaanguka. Ukianguka, itenge na mbao nyingine kabla ya kutia dawa.

Rangi ya zamani usiipige msasa, mara nyingi ina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, basi.

NambaKwanza:
Kuhusu ARP, zilizobaki nyingi London ziligeuzwa uzio wa makazi baada ya vita, na nyingine bado zimesimama. Ukiuziwa yenye alama za kulehemu au mabaki ya saruji kwenye bomba, uliza ilitoka uzio gani na nani aliruhusu. Bila jibu la maandishi, iache.