Naomba ushauri: makubaliano ya chuo na kijiji

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mawazo yenu, hasa mliofanya kazi vyuoni au halmashauri.

Mimi ni mratibu wa ushirikiano kati ya chuo kimoja na vijiji vya wafugaji Simanjiro, Manyara. Kazi hii naipenda na ndiyo ninayotaka kuiendeleza. Shida ni kwamba watafiti wanakuja na kibali cha COSTECH (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), wanapita wilayani mpaka kwa mtendaji wa kijiji, wanajaza madodoso boma kwa boma, wanaondoka. Majibu hayarudi. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: "Yale maji mliyochota kisimani kwetu mkatia kwenye chupa, ni salama au siyo?" Ana haki kabisa ya kujibiwa.

Nimeandika rasimu ya makubaliano: matokeo yasomwe kijijini, kwa Kiswahili na Kimaasai, na vijana wanaosaidia utafiti walipwe. Chuoni naambiwa nisubiri mfadhili mwingine. Mkataba wangu nao unategemea mradi. Ukiisha, naondoka na imani ya wanakijiji inapotea.

Je, halmashauri ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 ina hadhi ya kisheria, inaweza kusaini moja kwa moja na chuo, au lazima wilaya iwemo? Na kuna aliyefanikiwa kuingiza nafasi kama hii kwenye ikama (orodha ya nafasi za ajira) ya kudumu ya chuo? Alianzia ofisi gani?

Natanguliza shukrani.