Mafuta ya maziwa: Gerber, Röse-Gottlieb au mashine ya ultrasoniki?

Maabara_Nyanda
Wakuu, habari za kazi. Kituo chetu cha kukusanyia maziwa kinataka kumlipa mfugaji kwa mafuta, siyo kwa lita peke yake. Sampuli ni kama 60 kwa siku, na umeme wetu wa kukatika. Mnashauri njia gani?

Mzee wa Butirometa
Gerber. Asidi ya salfuriki ml 10 inatangulia, maziwa ml 10.75 yanateremshwa taratibu ubavuni mwa butirometa (chupa ya kioo yenye shingo ya vipimo) yasichanganyike na asidi, kisha alkoholi ya amili ml 1. Asidi inayeyusha protini, mafuta yanabaki huru. Ziba, zungushia kitambaa maana inapata moto sana, tikisa. Sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) dakika 5, maji ya nyuzi 65, kisha soma asilimia palepale shingoni. Ukiona chembe nyeusi, mara nyingi asidi ni kali mno. Nyeupe, ni hafifu. Miwani na glavu kila siku, tafadhali.

Neema_Kemia
Shikamoo mzee. Kwa kazi ya kila siku nakubali, ila penye ubishi Röse-Gottlieb ndiyo hakimu. Amonia, ethanoli, halafu etha ya kuyeyusha mafuta, unarudia mara tatu. Unavukiza, unakausha kwa nyuzi 102, unapima uzito. Gramu 10 za maziwa zikiacha gramu 0.38 za mafuta, hiyo ni 3.8%. Inakula muda, na etha hushika moto upesi. Kama hamna kabati la kuvuta hewa, msiiguse.

Kibuyu
Sisi tuna mashine ya ultrasoniki, ile ya kupima kwa mawimbi ya sauti. Ni ya haraka na haina asidi, lakini haitengi mafuta, inakadiria tu kwa jinsi ilivyorekebishwa. Tulikaa miezi bila kuikagua, ikawapunja wenye ng'ombe wa Jersey, wale wenye maziwa ya mafuta mengi. Iliniuma sana. Sasa kila Jumatatu tunailinganisha na Gerber.

Maabara_Nyanda
Na umeme ukikatika, sentrifuji itazunguka na nini?

Mzee wa Butirometa
Marahaba Neema. Zipo za kuzungusha kwa mkono, mwanangu. Mimi naogopa zaidi uchotaji. Maziwa yaliyotulia krimu hupanda: ukichota juu umempendelea mtu, ukichota chini umemwibia. Pasha sampuli hadi nyuzi 40, pindua chupa polepole, poza hadi 20, ndipo uvute pipeti. Ukitikisa kwa nguvu siagi itajitenga, na sampuli hiyo umwage.

Maabara_Nyanda
Nimeelewa. Tunaanza na Gerber ya mkono, na sampuli zenye ubishi tutazipeleka maabara yenye Röse-Gottlieb. Kesho nawafundisha wachotaji kwanza.