Come On Over ya Shania Twain: kanda ya Baba na CD yangu hazilingani, iliyo feki ni ipi?

Fundi wa Molo
Hamjambo wadau. Nina kesi na babangu na imefika mahali pabaya, naomba watu wa muziki wa country mtuamue.

Baba aliendesha lori la viazi kutoka Molo hadi Nairobi miaka mingi. Mwaka wa 1999 alinunua kanda ya Come On Over, albamu ya Shania Twain, yule mwimbaji wa country wa Kanada, pale River Road jijini, na tangu siku hiyo lori likawa la Shania. Shule zikifungwa alikuwa ananibeba, na tukiingia Nakuru pande zote mbili zimeisha, anaigeuza tunaanza upya. Naijua kanda ile kama ninavyoijua cherehani yangu. Inaanza na "You're Still the One", inafuata "When", halafu ile ya harusi, "From This Moment On". Ya nne ni "Black Eyes, Blue Tears", na katikati yake kuna mkwaruzo kwa sababu redio iliwahi kumeza mkanda, Baba akaurudisha kwa kalamu ya Bic.

Sasa binamu yangu wa Minnesota amekuja likizo na CD aliyoipata duka la mitumba huko, imeandikwa 1997. Naiweka, wimbo wa kwanza ni "Man! I Feel Like a Woman!". "You're Still the One" nimeikuta namba 10! Na si mpangilio tu. Fidla zimejaa, na lile gitaa la stili linateleza likilia kama limefiwa. Kwenye kanda ya Baba vitu hivyo viko mbali, kama vinapigwa kwa jirani, unasikia zaidi vinanda na ngoma.

Mimi nasema wale wa River Road walichakachua. Wanakili kanda usiku, wanapanga nyimbo wanavyotaka, nani asiyejua? Baba anasema feki ni CD yangu. Tumewekeana jogoo. Nani anamla?

Kinanda Kizee
Hamna feki hapo. Jogoo apone.

Albamu hiyo ilitoka Novemba 1997 kwa soko la Marekani na Kanada. Hiyo ndiyo CD yako, fidla na stili zote ndani. Mwaka wa 1998 wakatoa toleo la pili la nchi nyingine zote. Nyimbo ni zilezile 16, lakini muziki ulichanganywa upya: vyombo vya country vikashushwa, vinanda na ngoma vikapandishwa, na mpangilio ukabadilishwa ili zile nyororo zitangulie. Ndiyo maana kwenu "You're Still the One" ni ya kwanza. Kanda ya mzee, hata kama ilinakiliwa gizani, ilinakiliwa kutoka toleo halali la kimataifa. Umewasingizia watu wa River Road zaidi ya miaka 20, wana makosa mengine lakini si hilo.

Sababu ni biashara. Kule Marekani country ina redio zake na chati zake. Ulaya mtangazaji akisikia fidla alikuwa anabadilisha. Hesabu ikalipa: mwaka 1999 ilishika namba moja Uingereza. Kwa jumla imeuza nakala zaidi ya milioni 40, na hakuna albamu nyingine ya country iliyofika hapo. Marekani ilikaa juu ya chati ya country wiki 50. Kwenye chati kuu ya Billboard, lile jarida la muziki la huko, ajabu, haikuwahi kupita namba mbili.

Mpakani Tunduma
Aisee dada, kuna kitu mmeruka. Prodyuza wa matoleo yote mawili ni Mutt Lange, mume wa Shania wakati huo, na huyo bwana kazaliwa Mufulira, Zambia! Mji wa machimbo ya shaba. Sisi wa Tunduma tukivuka barabara tuko Zambia, kwa hiyo nadai sehemu ya yule jogoo, hata shingo.

Kabla ya Shania alikuwa mtu wa rock kabisa. Albamu ya Back in Black ya bendi ya AC/DC ya mwaka 1980 ni kazi yake, Hysteria ya Def Leppard pia. Alimpigia Shania simu, wakawa wanatungiana nyimbo kwenye simu kabla hawajaonana. Walikutana Nashville Juni 1993, Desemba wakaoana. Nyimbo zote 16 waliandika wao wawili. Sikiliza ngoma za "Man! I Feel Like a Woman!" halafu niambie kama ni ngoma za watu wa farasi.

Ndoa yenyewe ilivunjika, waliachana 2008. Ndiyo hivyo.

Jim Reeves Damu
Mnapigania jogoo kwa kitu ambacho si country. Toleo moja ni pop yenye fidla, la pili ni pop bila fidla. Country ni Jim Reeves, ni Skeeter Davis, mtu anakaa na gitaa anakueleza shida zake. Huyu mama anarukaruka tu.

Fundi wa Molo
Jim Reeves Damu, shikamoo, lakini hapana. Huyu mama kabla hajarukaruka alilelewa Timmins, kaskazini mwa Ontario, nyumba ambayo chakula kilikuwa kinakosekana. Mwaka 1987 mamake na babake wa kambo wakafa kwa ajali ya gari, naye ana miaka 22, akawa anaimba hotelini ili alee wadogo zake. Hiyo si shida ya kutosha? Na "Black Eyes, Blue Tears" ni ya mwanamke anayeamua kumwacha mume anayempiga. Marehemu mama yangu alikuwa hasemi chochote kuhusu Shania, lakini huo ukifika anaongeza sauti.

Kinanda Kizee, asante, ingawa sasa nimekasirika upya. Kumbe fidla zilitolewa kwa ajili ya watu wanaoogopa country, na sisi tukawekwa kapu moja nao! Molo! Kwa kinyozi ni Kenny Rogers, baa ni Dolly Parton, kwenye matanga Jim Reeves hakosi. Sisi ndio tungezila zile fidla na mifupa yake, tukapewa uji wa mgonjwa.

Leo jioni nimempigia Baba CD yote, nikamsomea majibu yenu. Ya Mufulira aliipenda mno, amesema alijua tangu zamani kwamba ngoma zile zina mtu wa huku. (Hakujua.) Fidla zilimfanya akunje uso nyimbo tatu hivi, kisha nikaona mguu unapiga sakafu. Tulipofika namba 13, "Black Eyes, Blue Tears", akaniambia nisiongee. Pale redio ilipomeza mkanda akainua kidole, akangoja ule mkwaruzo. Wimbo ukapita, kidole bado kiko juu.

Halafu akasema hiyo ndiyo dalili kwamba CD ni feki.

Jogoo bado yu hai. Baba amekata rufaa, na Tunduma, hata shingo hupati.