Friji haipumziki, yuniti zinayeyuka: nianze kukagua wapi?

Kivuli77: Wakuu, friji ya milango miwili, ile ya kuyeyusha barafu kwa mkono. Kompresa inanguruma karibu muda wote, ila baridi ipo. Themostati iko namba 5 kati ya 7. Je, gesi imepungua? Na kuizima usiku kunaokoa chochote?

FundiBaridi: Mkuu, usikimbilie gesi. Gesi ikipungua, baridi hupungua nayo, na mara nyingi utaona barafu imeshika sehemu moja tu ya friza huku kwingine pakavu. Kama inapoza vizuri, shida ni joto: ama linaingia mlangoni, ama linashindwa kutoka nyuma.

Anza na mlango. Weka karatasi nusu ndani nusu nje, funga, ivute. Ikigoma, mpira unabana. Ikichomoka bure, hapo panavuja. Zunguka mlango mzima, kila upana wa kiganja, na kona usiziruke. Mpira mchafu uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mikunjo uipitishe mswaki. Uliojikunja upashe kwa draya ya nywele, unyooshe kwa vidole, kisha funga mlango upoe ukiwa umebana. Uliopasuka ni wa kubadilisha tu. Gundi huufanya mgumu, na sumaku iliyo ndani haishiki tena sawasawa.

Nyuma: chomoa plagi, safisha vumbi kwenye ule wavu mweusi (kondensa, inayotoa joto nje) kwa brashi laini, acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 ukutani. Kama haina wavu, kondensa imefichwa ubavuni. Ubavu kuwa na joto ni kawaida, usiubananishe na kabati tu.

Mwanga_Hafifu: Hiyo 5 si digrii. Kwenye friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, weka rafu ya kati, soma asubuhi. Unataka nyuzi 3 hadi 5, friza -18. Ukikuta 1, punguza namba moja, subiri saa 24, pima tena.

Na taa ya ndani, je, inazima kweli? Washa kamera ya simu irekodi video, iache ndani, funga mlango. Balbu ya wati 15 ikiwaka kutwa kucha inakula wati-saa 360, na joto lake kompresa italazimika kulitoa tena. Unalipia mara mbili.

Kivuli77: Karatasi imechomoka kona ya juu kushoto tu. Taa inazima. Barafu ya friza ina unene wa kidole, niibandue kwa kisu?

FundiBaridi: Kisu hapana kabisa! Bomba la friza ni jembamba na liko hapo hapo nyuma ya barafu. Ukilitoboa gesi yote inatoka, na friji nyingi za sasa zina gesi aina ya R600a, ambayo inashika moto. Chomoa plagi, weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga mlango dakika 15, rudia. Barafu ikifika milimita 5 yeyusha, maana inazuia bomba lisifyonze joto.

Hiyo kona moja ndiyo inayoingiza unyevu unaogeuka barafu. Kabla ya kulaumu mpira, angalia kama mlango umelala: kaza skrubu za bawaba, kisha inua kidogo miguu ya mbele ili mlango ujirudi wenyewe.

Pima_Kwanza: Pima kabla na baada, la sivyo unabahatisha. Zima breka zote isipokuwa ya friji, kompresa ikiwa inafanya kazi. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh (taa yake humweka mara 1000 kwa yuniti moja): hesabu sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 30 ni wati 120. Halafu tazama kwa saa nzima kompresa inanguruma dakika ngapi. Wati 120 kwa dakika 50 kila saa ni yuniti 2.4 kwa siku. Ikishuka hadi dakika 25, ni 1.2.

Kuzima usiku hakufai. Asubuhi kompresa inakimbia mfululizo kurudisha baridi, faida inabaki kiduchu, na chakula kimeshapanda joto. Ukichomoa kwa sababu yoyote, subiri dakika 5 kabla ya kuchomeka, shinikizo la gesi lisawazike. La sivyo kompresa inashindwa kuanza, inabofya na kukata.